Shavu la Bi Rukia

Jana, baada ya ugali wa mchana, niliota ndoto nikiwa nimekaa kwenye kiti cha wateja wa pasipoti. Nitaieleza kama ilivyokuja. Sitatia chumvi, kwa sababu chumvi ilikuwamo tayari.

Kwanza lazima mjue kilichonilaza na moyo mzito, la sivyo mtadhani ni shibe tu.

Mimi ni Hiza, mpiga picha, na studio yangu iko Lushoto mjini, juu kidogo ya soko la mboga. Kazi hii nilifundishwa na Fundi Shemhilu, enzi za chumba cha giza na taa nyekundu. Sasa Fundi macho yamemchoka. Kitu akikileta karibu na pua, kiasi cha kiganja kimoja, anakiona. Kikizidi hapo kinageuka maziwa. Leo ndiyo siku aliyopangiwa kusafiri kwenda kupasuliwa, na daktari hakumficha: huenda macho yakarudi, huenda yakazima kabisa. Kwa hiyo wiki iliyopita alikuja kwangu na ombi moja tu. Alitaka picha ya mkewe, Bi Rukia, ya uso peke yake, kubwa, aitazame kabla hajaondoka.

"Kwani Mama si yuko nyumbani, Fundi?" nilimuuliza.

"Yuko. Lakini nikimsogelea kiasi cha kumwona, ananicheka. Ananiambia, baba Zaina, mchana wote huu? Nitamtazamaje mtu anayecheka na kurudi nyuma? Nipe picha. Picha hairudi nyuma."

Nilimpiga Bi Rukia picha kama ninavyowapiga wote: hatua nne nyuma, taa usoni, usicheke. Kisha nikafanya lile ambalo wapiga picha wote wa mji huu tunalifanya bila kuombwa, kama muuza chai anavyotia sukari. Nikamlainisha. Kwenye kompyuta nina brashi ya kulainishia sura. Unaipitisha usoni, mikunjo inaondoka, madoa yanaondoka, mtu anarudi nyuma miaka ishirini. Mikono ilijiendea yenyewe. Nilipozinduka nilikuwa nimeshafuta hata kovu lake, lile linaloanzia pembeni mwa jicho la kushoto na kushuka shavuni, urefu wa kijiti cha kiberiti. Nikajiambia, ah, amependeza. Nikachapa, nikaifuta picha ya asili kwenye memori kadi ili nipate nafasi ya harusi ya Jumamosi.

Fundi aliishika ile picha, akaileta puani, akaitembeza kushoto na kulia kwa muda mrefu. Mimi nasubiri sifa.

"Ahsante," alisema mwishowe, kwa adabu zake zote. "Huyu binti ni wa nani?"

Bi Rukia alikaza kanga yake kichwani, akanitazama mara moja. "Kumbe uso wangu ulikuwa na makosa," alisema, na wakatoka.

Niliwafuata nyumbani siku tatu mfululizo kuwaomba radhi. Mwisho walikubali kuja tena, jana saa kumi, mara moja tu. Nikikosea na hiyo, basi Fundi angeingia chumba cha upasuaji na sura ya binti wa kalenda kichwani, na pengine angeishi nayo hiyo hiyo mpaka mwisho wake.

Ninayo lenzi ya picha za karibu. Niliinunua miaka sita iliyopita kwa mtafiti wa vipepeo aliyekuwa anarudi kwao, na tangu siku hiyo imelala kabatini ndani ya soksi. Jana asubuhi niliitoa, nikajaribu kupiga kifungo cha shati langu. Nilipata ukungu. Nikajaribu tena na tena, ukungu wa kifungo, mara thelathini. Nikairudisha ndani ya soksi, nikala, nikakaa, usingizi ukanichukua.

Soksi ikakohoa.

"Nitoe humu," sauti ikasema. "Miaka sita nanusa mguu."

Nikaitoa lenzi. Ilikuwa na sauti ya mwalimu mkuu mstaafu. Nikaiamkia, maana umri wake sikuujua.

"Marahaba," ikajibu. "Umesimama wapi?"

"Hatua nne nyuma."

"Ndiyo maana huoni kitu. Sogea."

Nikasogea.

"Sogea tena."

Nasogea. Kila ninapopiga hatua, ama meza inarefuka ama mimi nafupika. Suruali hailegei, kwa hiyo nayo inafupika. Kiti cha pasipoti sasa kiko juu kama mnara wa simu, na chembe moja ya ugali iliyoniangukia sakafuni nalazimika kuizunguka.

"Nimekuwa kiasi gani?" nauliza.

"Kiasi cha chawa aliyeshiba. Ni kanuni tu, usihangaike. Kwenye picha za karibu kabisa, kitu na picha yake vinalingana, kimoja kwa kimoja. Huwezi kumwendea mdogo huku wewe umejaa ukubwa. Ni utovu wa adabu."

Nikaivisha kamera ile lenzi, na kamera nayo kwa bahati ilikuwa imepungua pamoja nami. Nikamwita stendi wangu wa miguu mitatu. Akaja akichechemea.

"Nina viatu viwili," akasema stendi. "Miguu nina mitatu. Umewahi kuliona hilo?"

"Hapana."

"Ukipiga harusi hakuna anayejua. Lakini huku chini, mimi nikitetemeka unene wa unywele mmoja, wewe unapoteza mlima mzima."

Nikavua kiatu changu kimoja nikampa. Akakivaa, akajaribu kutembea, akatulia tuli. Akanishukuru kwa dhati, nami nikaona haya kwamba nimemfanyisha kazi miaka kumi na miwili na mguu mmoja wazi.

Tukatoka nje. Barabara haipo. Lipo jani la kabichi, kubwa kama uwanja wa mpira, na ni alfajiri, ingawa tulipovuka kizingiti ilikuwa saa nane mchana. Baridi ni ile ile yetu ya Lushoto. Juu ya jani wadudu wamepanga foleni, wamelowa umande, hata mmoja hatikisiki.

"Wewe ndiye wa pasipoti?" akauliza nyuki aliyekuwa mbele.

"Ni mimi."

"Basi fanya haraka. Unaniona nimetulia kwa sababu nimeganda. Jua likishanigusa mabawa, sina miadi na mtu."

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini yule mtafiti wa vipepeo alikuwa anatoka nyumba ya wageni kabla ya adhana ya alfajiri. Mji mzima tulidhani anakwepa bili.

"Kaa wima," nikamwambia nyuki kwa mazoea. "Usicheke. Masikio yaonekane."

"Sina masikio."

"Basi yasionekane."

Nikamsogelea kumtazama. Mgongoni kwake kulikuwa na tone la umande, na ndani ya lile tone ilikuwamo Lushoto nzima, kichwa chini miguu juu: soko, msikiti, kanisa, kituo cha mafuta, na mama mmoja aliyekuwa anachagua karoti. Nimeishi mji huu miaka arobaini na minane. Sikuwahi kujua kwamba kila asubuhi unaning'inia kwenye mgongo wa nyuki. Nilisimama pale nikiwa nimesahau kazi, na kwa kweli nilifurahi kama mtu aliyerudishiwa kitu alichokuwa hajui kimepotea.

Nikabonyeza. Nikatazama kioo cha kamera. Ukungu.

"Kosa la kwanza, kivuli chako kimenikalia kichwani," akasema nyuki. Ni kweli, kivuli changu kilikuwa kimetangulia na kukaa juu yake, kimekunja nne. Nikakiomba kisogee. Kikasema kitasogea nikisogea mimi. Tukasogea wote wawili. "Kosa la pili, unanipumulia. Kila unapotoa pumzi mimi naona tufani. Pumzi zako kaziache bohari."

Bohari iko mwisho wa jani. Mwenye bohari ni kinyonga, amekaa nyuma ya meza, jicho moja linanitazama mimi na jingine linaitazama wiki iliyopita. Ukutani wameandika: PUMZI NA UKALI. ACHA MOJA, CHUKUA MOJA. Ukali ni ule wa picha, kinyume cha ukungu.

Nikaacha pumzi zangu mlangoni, kama mtu anavyoacha viatu msikitini. Kinyonga akazikunja vizuri, akaziweka kwenye rafu kati ya pumzi za watu wengine. Kifua kikawa kimya. Mikono nayo ikatulia.

"Unataka ukali wa nini?" akauliza.

"Wa uso wa mtu."

"Unampiga kutoka umbali gani?"

"Karibu kabisa."

Akafungua droo, akatoa kitu chembamba kama ganda la ndani la kitunguu, akanipa kwa ncha za vidole.

"Ndio huu tu?" nikauliza.

"Ungebaki hatua nne nyuma ningekupa gunia, ukali wa kutandika kutoka hapa mpaka Soni. Ukikaribia unapungua. Sasa sikiliza. Kitakachokaa ndani ya ganda hili kitaonekana mpaka kinyweleo. Kilicho mbele yake ni ukungu, kilicho nyuma yake ni ukungu. Kwa hiyo ujue unachokitaka kabla hujabonyeza."

"Siwezi kuongezewa?"

"Unaweza kubana tundu la lenzi. Ganda linanenepa kidogo."

Nikalibana. Jua likafifia, jani zima likaingia giza. Foleni ya wadudu ikaguna kwa pamoja.

"Nani amezima?" akauliza mbawakavu mmoja huko nyuma.

"Nimebana tundu," nikasema.

"Basi liachie. Sisi tunataka sura zetu, hatukuja kupigwa picha ya usiku."

Nikaliachia, jua likarudi. Kinyonga akaniambia ndivyo kulivyo, ukitaka unene utoe mwanga, na mwanga wenyewe uwe nao. Hakukuwa na ubaya wowote katika sauti yake. Nikamshukuru, nikaliweka ganda mfuko wa shati, nikageuka kumrudia nyuki wangu.

Nyuki hayupo. Foleni haipo. Jani lina joto.

Nikapiga hatua mbili, mguu usio na kiatu ukateleza. Nikagusa chini, nikanusa vidole. Mafuta ya nazi, yaliyopikwa nyumbani na kutiwa mdalasini. Mtu mmoja tu katika Lushoto nzima anapaka mafuta ya namna hiyo.

Nilikuwa nimesimama kwenye shavu la Bi Rukia.

Nawaambieni, nimepiga nyuso za watu zaidi ya miaka ishirini na mitano na sikuwa nimewahi kuona uso. Vinyweleo vilikuwa vimesimama kama majani ya mpunga, kila kimoja kinang'aa nchani. Mikunjo ilikuwa imepangwa vizuri kama matuta ya mashamba yetu ya mlimani, yale yanayozuia udongo usiteremke na mvua. Nikaelewa kwamba na matuta haya ya usoni yalikuwa na kazi hiyo hiyo. Yalikuwa yamezuia vitu visiteremke.

Nikaingia kwenye tuta la kwanza, nikasikia kicheko. Ni cha siku ile Fundi alipopanda juu ya pipa ili apate picha nzuri ya bibi harusi, kifuniko kikaingia ndani, naye akapiga picha hiyo hiyo akiwa pipani. Tuta la pili lilikuwa la kusubiri barua ya Zaina kutoka shule ya bweni. La tatu lilikuwa na moshi. Nikakohoa bila pumzi. Ulikuwa moshi wa kuni mbichi, wa miaka minne aliyonipikia mimi, nilipokuja kujifunza kazi nikiwa na nguo mbili na sina ninakokula. Alikuwa anakunja uso hivi kwa ajili ya sahani yangu.

Na haya yote mimi niliyapitishia brashi nikiwa nasikiliza taarifa ya habari.

Nikasikia maji. Upande wa kidevuni bwana mmoja mnene, mwenye mikono safi sana na ovaroli nyeupe, anapiga deki. Anakuja kinyumenyume. Kila anapopitisha dekio, tuta linalala, kinyweleo kinaondoka, na hapo panabaki pamelainika na kung'aa kama sinia jipya. Hakuna sauti yoyote kwenye sehemu alizopita.

"Bwana," nikamwita. "Unafanya nini?"

"Ulichonituma," akasema bila kusimama. "Mimi ni brashi yako."

"Nilikutuma wiki iliyopita."

"Hukuniambia niache. Nimeshamaliza Mtaa wa Chini, namalizia huu. Limebaki hili bonde tu."

Nikatazama anakoelekea. Pale linapoishia shavu na kuanza jicho, lilikuwapo bonde refu, limenyooka, kingo zake zinang'aa kwa rangi ya waridi. Ni kovu.

Nikakimbia. Kiatu kimoja, mguu mmoja mtupu, mafuta, matuta. Nilianguka mara mbili na kuinuka. Nikawahi kuingia bondeni kabla yake. Chini kabisa, katikati ya kovu, kilikuwa kimekaa kipande cha chupa ya kahawia, kidogo kuliko mimi, kimejikunyata.

"Umechelewa," kikasema. "Miaka ishirini na sita."

Nilikijua. Kilikuwa cha chupa ya dawa ya kusafishia picha. Fundi alikuwa amenionya, dawa zote rafu ya chini. Mimi nikaipanga ile chupa rafu ya juu, ukingoni, kwa uvivu wa kuinama.

"Unakumbuka?" kikauliza kipande.

"Nakumbuka. Ulianguka nikiwa nimeinama kwenye beseni."

"Sikuwa nakuja kwake. Niligonga ukingo wa beseni, nikapasuka, nikaruka moja kwa moja kwenye jicho lako la kulia. Lile unalochungulia kwenye kamera. Nilikuwa nimeshalichagua. Yeye alikuwa anaingia na chai. Akakitupa kikombe, akakisukuma kichwa chako, akaweka uso wake pale ulipokuwa uso wako." Kipande kikanigeukia. "Ulimwambia nini baada ya hapo?"

Sikumwambia kitu. Huo ndio ukweli. Siku ile watu walikimbilia hospitali naye, mimi nikabaki nafuta dawa sakafuni. Aliporudi na bandeji nikaona haya. Jeraha lilipofunga nikasema nitangoja wakati mzuri. Kisha likawa kovu, kisha likawa sehemu ya uso wake, kisha nikafungua studio yangu, nikaoa, nikapata watoto. Ahsante ilibaki mdomoni mpaka nikaizoea kama mtu anavyozoea jino bovu. Na siku nilipolikuta lile kovu kwenye kompyuta, kubwa, mbele yangu, nililifuta.

Dekio lilifika ukingoni mwa bonde. Maji yakaanza kuteremka.

"Acha," nikamwambia yule bwana.

"Ili niache naandika sababu," akasema, akatoa kalamu. "Kovu linaharibu picha. Hiyo ndiyo sababu uliyonipa mwanzo. Ya sasa ni ipi?"

"Kovu hili ndilo jicho langu."

Akaandika, akaisoma tena polepole. Akakamua dekio lake, akavua ovaroli. Ndani alikuwa amevaa shati la mikunjo, halijapigwa pasi. "Ungesema mapema," akasema, "tungepumzika wote." Akaondoka na ndoo yake.

Nikapanda juu kutoka bondeni nipige picha. Nikasimama, nikatandaza lile ganda la ukali. Haikuwezekana. Nikilitandaza kwenye jicho, kovu linaingia ukunguni. Nikilitandaza kwenye kovu, jicho linapotea. Shavu lina mteremko, nami nalitazama kutoka juu. Nikajaribu mara tatu, jasho linanitoka.

"Unasimama ili iweje?" kikaniuliza kipande cha chupa kutoka chini. "Shuka. Kaa sambamba na unachokipenda, usikiangalie kwa juu. Vyote viwili vitaingia kwenye ganda moja."

Nikapiga magoti, hapo hapo kwenye mafuta. Magoti yakadidimia kidogo. Kamera ikashuka, ikalingana na mteremko wa shavu, na lile ganda jembamba likalala lenyewe kutoka pembe ya jicho mpaka mwisho wa kovu, likaenea, likatosha. Kope moja moja. Kingo za waridi. Ndani ya mboni kulikuwa na dirisha, na ndani ya dirisha mtu mdogo amepiga magoti.

"Ahsante, Mama," nikasema. Ilitoka kwa urahisi wa ajabu. Nililia na kubonyeza kwa wakati mmoja.

Shavu likasogea kidogo chini yangu, kama mtu anayetabasamu usingizini. Kisha kinyonga akafika na pumzi zangu mkononi, akaniambia bohari inafungwa. Akanirudishia. Zilikuwa za baridi.

Nikaamka nakohoa. Mlango ulikuwa unagongwa, saa ya ukutani inasema saa kumi na dakika mbili.

"Hodi, Hiza," ilikuwa sauti ya Fundi. "Au umetukimbia?"

Niliwafungulia, nikawaamkia, nikamshika Fundi mkono mpaka kwenye benchi. Bi Rukia alibaki amesimama, mkoba kifuani.

"Leo unanilainisha, au unanipiga pasi kabisa?" aliniuliza.

"Leo sigusi kitu, Mama."

Alinitazama, akakaa. Sikumweka kwenye kiti cha pasipoti. Nilimpa kigoda karibu na mlango, ubavu kwa nje, maana ukungu wa jioni ulikuwa umeshaanza kushuka milimani na mwanga ulikuwa laini, hauna vivuli vikali. Nilimpa Fundi kitambaa cheupe ninachokitundika nyuma ya wateja wa pasipoti akishike upande wa pili, kirudishe mwanga kwenye uso. Alikishika sawasawa kwa pembe alizonifundisha yeye mwenyewe, bila kukiona. Nikaitoa lenzi kwenye soksi. Haikusema kitu. Nikaikagua miguu mitatu ya stendi, nikaishusha. Kisha nikapiga magoti kwenye saruji, uso wangu kiasi cha kiganja kimoja kutoka kwenye shavu lake. Nikanusa nazi na mdalasini.

"Mama," nikasema, "ahsante kwa jicho."

"Jicho gani?"

"Hili la kulia."

Mikononi mwa Fundi kitambaa cheupe kikashuka kidogo, halafu kikapanda tena.

"Miaka yote hiyo nilidhani hukujua," alisema. "Nilikuwa najiambia, alikuwa ameinama, hakuona lolote. Hivyo sikukudai." Akanigeuzia shavu. "Haya, piga. Saruji itakuumiza magoti."

Nilishika pumzi. Nikabonyeza mara moja.

Sikuipitisha kwenye brashi yoyote. Niliichapa kama ilivyo, kwenye karatasi kubwa kuliko zote nilizonazo, nikampelekea Fundi kwa mikono miwili. Aliileta puani. Alianza juu, kwenye kope, akashuka polepole, kama mtu anayesoma barua aliyoingoja. Alipofika kwenye kovu alisimama.

"Rukia," alisema. Hakusema na mimi. "Rukia, kumbe umezeeka vizuri hivi."

"Acha maneno yako, baba Zaina," alisema Bi Rukia, lakini safari hii alimsogelea, na hakurudi nyuma hata pua ya mzee ilipotoka kwenye karatasi na kuhamia kwake. Nikajifanya natafuta bahasha. Sikuiona bahasha wala kabati, kwa machozi. Niliwashukuru wote wawili kimoyomoyo, tena na tena, na sikuona tena haya.

Baada ya muda Fundi aliirudia picha. Huyo ni fundi, hawezi kuiacha picha bila kuikagua.

"Ni kali," alisema. "Umepatia. Ila hapa, chini kidogo ya kovu, naona kitu." Akaweka ukucha. "Kwenye mafuta. Vishimo viwili vya mviringo, viko sambamba, vinalingana. Lenzi ina vumbi?"

Nikachukua kioo cha kukuzia, nikainama. Vilikuwapo. Vidogo sana, kama vimebonyezwa kwa ncha ya pini, vimedidimia kwa mbele zaidi kuliko nyuma.

"Si vumbi, Fundi. Ni magoti."

"Magoti," alirudia. Akavitazama tena kwa muda mrefu.

"Ndiyo maana," alisema Bi Rukia, akijipapasa shavu. "Tangu saa nane palikuwa pananitekenya."

"Nivitoe?" niliuliza.

"Viache," alisema Fundi, akaizungushia picha kanga ya mkewe ili isilowe na ukungu njiani.